Mutahi Kingori na Farasi Aliyepotea

Marehemu Elijah Mutahi Kingori alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952 huko Othaya, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kingori Theuri. Wa kwanza ni dada yake Wamucii, ndiye anayewasomea. Anajua kuna watu watakaokuwa wakichungulia kabati la sebuleni wakati huu. Wangoje, atafika hapo.

Alisoma Othaya hadi darasa la saba, mwaka 1966. Mwandiko wake ulikuwa safi hata mwalimu akashuku anaandikiwa, akamkalisha mbele yake aandike upya. Akaandika vilevile.

Kuanzia 1970 hadi 1986 alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa. Wakulima walimshuku, maana karani wa mizani hushukiwa na kila mtu, lakini daftari lake halikuwahi kukosea. Mwaka 1987 alihamia hapa Gatitu, akauza mitumba sokoni Nyeri.

Alifunga ndoa na Sarah Gacheri wa Chogoria tarehe 15 Desemba 1979. Walijaliwa Kingori na Wendy.

Sasa kabati. Mwaka 1990, ndani ya robota la nguo za watoto, marehemu alipata farasi mdogo wa plastiki, wa rangi ya waridi, mwenye nywele za kuchana na alama ya maua pajani. Alimletea Wendy. Baadaye akapata mwingine wa maua yaleyale, lakini nywele zake zilikuwa ndefu na rangi imepauka. Akawageuza. Chini ya kwato za mmoja paliandikwa Hong Kong, za mwingine Italia. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliwatafuta hadi Chaka na Nanyuki, akaandika daftarini kila mmoja alitengenezwa nchi gani na akauzwa wapi kabla ya kutufikia. Walifika sitini na wawili, akawapanga katika kabati hilo.

Mwaka 1994 kila mtu alikuwa akinong'ona juu ya ibada ya shetani, na watu wakaanza kuuliza zile alama za mapajani ni za nini. Kikundi cha maombi kikaacha kuja kwake. Dada yake alimwambia atupe hao wanyama. Akajibu, "Wamucii, angalia kwato. Huyu ametoka Italia."

"Kwani Italia hakuna mashetani?"

Alicheka hadi akatoa machozi.

Agosti hiyo yule wa Italia akapotea. Marehemu hakupata mwingine kama yeye tena. Dada yake alimshuku jirani, Mama Munene, aliyeonekana karibu na kabati, na akamtangaza kuanzia kanisani hadi sokoni. Kwa miaka mitatu hakumsalimia. Marehemu alikuwa akisema tu, "Achana na Mama Munene." Dada aliona huo ni upole uliozidi.

Kisukari kilimwanza 1995. Alifariki tarehe 9 Septemba 1997, Gacheri akiwa amemshika mkono.

Juzi Gacheri alipokuwa akitafuta kitambulisho cha marehemu alipata lile daftari, akaniletea ukurasa ukiwa wazi. Ni mwandiko uleule safi: "Namba 2. Italia, maua, nywele ndefu. Amechomwa jikoni kwa Wamucii, Agosti 1994. Niliona kwato kwenye majivu. Aliogopa. Asiulizwe."

Ni kweli. Ni mimi. Nilimchoma, kisha nikamsaidia ndugu yangu kumtafuta, hata chini ya kitanda nikainama naye. Mama Munene, umepika hapa tangu juzi bila kuitwa na mtu, na mimi nimekula chakula chako. Naomba unisamehe mbele ya hawa wote niliowaambia uongo. Nimeona aibu, na nimemkosea Mutahi kuliko nyote mlionong'ona juu yake.

Marehemu ameacha mjane Sarah Gacheri, watoto Kingori na Wendy, dada mmoja, na farasi sitini na mmoja ambao hakuna atakayewagusa ila Wendy.

Alijua, akanyamaza. Mungu ampokee alale kwa amani, na yeye asiulizwe.