Kurien Pothen, Fundi wa Ndege za Kivita

Marehemu baba yetu, Kurien Pothen, alizaliwa hapa Kozhencherry tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu wa mkulima wa pilipili manga, Pothen Varkey, na mkewe Mariamma. Alisoma papa hapa hadi darasa la kumi.

Mwaka 1959 alijiunga na jeshi la anga, akafunzwa ufundi wa injini katika mji wa Bengaluru. Kwa miaka ishirini alihudumia ndege ndogo za kivita aina ya Gnat. Aliwafunga marubani mikanda, na hakula mpaka warudi. Alistaafu mwaka 1979, akafungua karakana ya pampu za maji nyuma ya nyumba.

Alifunga ndoa na mama yetu, Aleyamma, tarehe 6 Mei 1968. Gari la harusi lilizimika njiani, bwana harusi akaingia chini yake na shuka lake jeupe, akafika madhabahuni na grisi magotini. Mama bado anacheka akisimulia kisa hicho.

Sasa nafika pale ninapoona haya kufika. Mimi Sosamma, kifungua mimba wake, nilipochumbiwa mwaka 1996, niliwaambia wakwe kwamba baba alikuwa rubani. Siku ya pete, baba mkwe wangu, Bwana Mathai Cheriyan, alimletea baba zawadi: mfano mdogo wa chuma wa ndege ya Gnat, wa kuwekwa kabatini kama pambo, yenye rangi halisi hadi namba ya mkiani, na kibao kilichoandikwa "Rubani K. Pothen". Baba aliigeuza tumbo juu, akakagua magurudumu.

"Mkwe mwenzangu, kule juu mtu huwaza nini?" Bwana Mathai akamuuliza.

"Huomba fundi wake awe amekaza kila bolti."

Watu wakacheka. Baba hakunigombeza, siku hiyo wala baadaye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka ishirini na minane, kwa sababu baba ndiye aliyeibeba. Kila wakwe walipokuja alifunga karakana, akasugua kucha kwa limau na vumbi la mbao, akaketi karibu na kile kindege kama mgeni nyumbani kwake. Nami nilimwona, nikaendelea kuwamiminia wakwe chai.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua. Mwezi wa Novemba, hospitalini, muuguzi aliyesikia habari kwa wakwe alimuuliza, "Babu, kumbe ulikuwa rubani?" Tulikuwa sisi watatu tu. Baba alinitazama kwanza, aone nataka ajibu nini.

Nikasema, "Ndiyo, alikuwa rubani."

Alifariki kesho yake, tarehe 9, alfajiri.

Ameacha mjane, Aleyamma, wanawe, Sosamma na Joykutty, wajukuu watano, na mkwe mwenzake, Bwana Mathai, aliyeketi hapa mbele na ambaye anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa fundi, na mimi nilimwonea aibu. Apumzike kwa amani, na huko aendako akiulizwa kazi yake, asimtazame mtu.