Kikombe cha Mtaa Usio na Jani

Tegeni masikio, wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu na neno nililonalo ni refu. Wilujeng, mwanangu wa kwanza, kaa hapa kichwani. Hartoyo, kaa miguuni, na hiyo simu iweke chini. Malaika wa mauti hatumi ujumbe kabla ya kuja. Nawe Nurjanah, kitinda mimba wangu, acha kulia: miaka ishirini nimepanda jukwaani kuchekesha Surabaya nzima, na sijapata kuona watazamaji wanaolia kabla sijafungua mdomo.

Nyumba hii ni yenu watatu, msiiuze wala msigombane. Bati mnalolisikia likilia juu yetu kama kikaango, ling'oeni. Vigae vya udongo vya babu yenu nilivirundika nyuma ya bafu nilipopatwa na wazimu wa usasa. Virudisheni, kwa kuwa vigae vinapumua na bati halijui kupumua. Lakini hilo ni neno dogo. Neno kubwa liko upande wa pili wa ukuta.

Mzee Sarpan mnamjua. Dirisha lake na letu yanatazamana, urefu wa mkono tu katikati, hata akikaanga pilipili sisi ndio tunaopiga chafya. Mpakani, pale penye mfereji, palikuwa na mkwaju alioupanda baba yake, na mkwaju ule haukujua mpaka: mchana kivuli chake kililala kwetu, jioni kikahamia kwake. Chini yake Bi Tumirah, mkewe, aliweka cherehani akashona sare za shule, na nyinyi mlijifunza kutambaa miguuni pake mkiokota vifungo.

Kisha yakaja mashindano ya mitaa safi, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa mtaa. Tulisugua, tukapaka rangi, tukafua hata mapazia ya msikiti. Majaji wakapita wakitikisa vichwa kwa kuridhika, mpaka mmoja akainama, akaokota jani la mkwaju, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga, akaandika kitu. Tukashindwa na mtaa wa pili. Kwa jani! Mkutanoni nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Sarpan, kaka yangu, kata huo mti, unatuangushia takataka." Naye hata hakusimama. Akasema, "Kartubi, anza kukata ulimi wako. Huo unaangusha takataka mwaka mzima, wala hauna kivuli."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi niliyekuwa nalipwa kuchekesha, siku ile nikachekwa bure. Nawaambia, wanangu, mchekeshaji hasamehi kicheko ambacho si chake.

Ijumaa iliyofuata, wanaume wote wakiwa msikitini, mimi nikasingizia tumbo. Nikachukua keke ya fundi, nikapiga kwenye mzizi wa upande wetu matundu matatu, nikayajaza chumvi na mafuta ya taa, nikaziba kwa udongo. Ndiyo. Mimi. Hartoyo, usitazame sakafu, nitazame mimi.

Mti ulichukua miezi minane kufa. Ukaanza kupukutika juu, ukashuka, ukashuka, hata ukabaki mifupa. Na Sarpan, alipotafuta wa kulaumu, hakumtafuta mbali. Nilikuwa nimeketi hapa nakula wali niliposikia dirishani, "Tumirah! Kila siku nakwambia usimwage maji ya sabuni pale! Umeua mti wa baba yangu!" Na mama yule akajibu taratibu, "Nisamehe, mume wangu, sikujua." Aliomba msamaha kwa kosa langu, wanangu, nami nikaongeza mchuzi.

Mwaka ule tukashinda. Kikombe mnakiona kabatini, kinang'aa kama meno ya mwongo. Kwa furaha nikaamuru mtaa mzima upigwe saruji, ukuta hadi ukuta, lisibaki hata tundu la mchwa, na nyumba nyingi zikafuata mfano wangu wa bati. Ardhi iliyokuwa ikinywa maji ikafungwa mdomo. Jua likaingia lisitoke. Ukikanyaga saruji saa tisa unaruka kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto, na usiku kuta zinatutemea moto zilioumeza mchana. Wahenga wanasema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hawakukaa Surabaya mwezi wa kumi.

Bi Tumirah, baada ya kukosa kivuli, aliingiza cherehani ndani, chini ya bati. Ule mwaka wa joto kubwa, saa nane mchana, walimkuta paji la uso liko juu ya kitambaa, mguu bado uko kwenye kanyagio, mkono umeshika sare ambayo haikuwa na upande wa pili. Hakuwa mgonjwa. Alipikwa. Na matangani watu wakaniomba, "Kartubi, tuchekeshe kidogo, mioyo mizito." Nikawachekesha. Sarpan mwenyewe alitabasamu, akanishika mkono, akasema, "Ahsante, ndugu yangu." Mkono huu. Tangu siku ile sikupanda jukwaa tena, na nyinyi mkadhani ni magoti.

Majuto ni mjukuu, nami mjukuu wangu huyu ana ndevu sasa. Hartoyo, ulininunulia hiki kiyoyozi kwa mapenzi, Mungu akulipe, lakini umewahi kujiuliza baridi hii inatoka wapi? Sanduku lake liko nje, linapumua moto mchana kutwa dirishani kwa Sarpan. Nilimuua mkewe kwa joto, na leo nalala kwenye ubaridi huku nammalizia yeye.

Kizime.

Usiniambie habari za daktari. Daktari amesema nipumzike, nami naenda kupumzika hadi siku ya kufufuliwa. Kizime, kisha Wilujeng ufungue dirisha, wazi kabisa. Yuko pale. Kila alasiri huwa pale na ndoo yake.

Sarpan! Kaka yangu! Ni mimi Kartubi. Sina nguvu ya kupaza sauti, sogea. Mkwaju wa baba yako, mimi ndiye niliyeutoboa. Ijumaa, mkiwa msikitini. Chumvi na mafuta ya taa. Maji ya sabuni hayakuua kitu. Tumirah hakuua kitu, umesikia? Hakuwa na kosa. Nenda kaburini kwake ukamwambie. Mimi ukitaka nilaani, ukitaka nyamaza, lakini yeye mwambie.

Nurjanah, wewe una macho, anafanya nini? … Ameinama. Anachukua kata. Ndiyo, nasikia maji, anamwagia mbele ya nyumba yake kupoza ardhi, kama alivyofundishwa na baba yake. Yanalia juu ya saruji, tss, tss… Yanakuja. Yanakuja upande wetu… Yamekoma?

Yamekomea mferejini.

Usifunge dirisha! Mwacheni. Ni haki yake. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Sasa… nisikilizeni, ninaishiwa. Mkitoka kunizika, kabla hamjala, chukueni nyundo mvunje saruji yote ya mbele ya nyumba yetu hadi muone udongo. Pandeni mkwaju palepale mpakani, na majani yakianguka msiyafagie kwa hasira. Hicho kikombe… kitoeni kabatini. Kifanyeni kata. Kila alasiri mwagieni upande wetu, mkifika mferejini msikome, vukeni, mmwagie na upande wake, hata akiwatukana, hata akifunga mlango. Vukeni tu.

Mungu awape watoto wenye kuwaombea. Awape kivuli duniani na siku ile isiyo na kivuli ila chake. Wilujeng, niinue kidogo… Joto, eh? Ndivyo lilivyo kwake. Afadhali… sasa tunalingana.

Maji, mwanangu. Hapana, si mimi… Nje. Mwagieni nje. Vukeni…