Hodi Tatu za Ta Methodius

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika kampuni yetu ya Safari za Tausi, Ndugu Methodius Kaijage amestaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025. Wasomaji wenye kumbukumbu watasema habari hii waliisoma mwaka juzi, wakaisoma tena mwaka jana. Ni kweli. Huu ni wasifu wa tatu ninaomwandikia mtu yule yule kwa kustaafu kule kule. Mara mbili tumekodi ukumbi Thorncliffe Park, mara mbili tumekata keki, na mara mbili, Jumatatu iliyofuata, tumemkuta ofisini Malton, kando ya Toronto, kofia kichwani, akiuliza basi la Massachusetts linaondoka saa ngapi. Saa ya ukutani tuliyompa zawadi aliirudisha, akaitundika mapokezi. Iko pale mpaka leo, na inachelewa.

Mimi ni mpanga safari wa kampuni, kwa hiyo kila alichofanya mzee huyu barabarani kiliishia kwenye simu yangu. Naomba hilo likumbukwe mahali nitakapoonekana nimekosa subira.

Alijiunga nasi mwaka 1999 akitokea kwenye maghala ya mizigo ya hapa hapa Malton, alikofanya zamu za usiku mpaka akawa anasema hajawahi kuiona Kanada mchana. Alianza kwa kupakia mabegi, akawa msaidizi wa dereva, kisha kiongozi wa safari. Kwa heshima ya kwao Uhaya tukamwita Ta Methodius, na jina likashika mpaka kwa dereva wetu Shakeel, mtu wa Lahore, ambaye Kiswahili chake chote ni hilo na "twende".

Kilichotuletea balaa ni injini. Baridi ya mwaka mmoja, basi letu liliharibika katika kimji kidogo cha Massachusetts, ng'ambo ya mpaka huko Marekani, na wenyeji wakawafungulia abiria nyumba ya makumbusho wapate joto. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyojengwa wakati jimbo hilo lilipokuwa koloni la Waingereza, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita: mlango wa kuinamia, madirisha ya vioo vidogo vidogo, bomba moja kubwa la moshi katikati, meko ambayo mtu mzima angeweza kusimama ndani yake, na paa lililoshuka kwa nyuma karibu liguse ardhi. Abiria walikunywa chai. Ta Methodius aliuliza nani anaishi humo. Akaambiwa hakuna mtu, tangu zamani sana. Shakeel anasema mzee alivua kofia na hakuivaa tena mpaka mpakani.

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Alimwandama Mzee Madatali, mwenye kampuni, asubuhi na jioni, mpaka safari ya Nyumba Kongwe ikaingia kwenye ratiba.

Shida ya jimbo lile ni kwamba kila mji una nyumba kongwe kuliko zote. Huu una kongwe ya mbao, ule una kongwe ya matofali, wa tatu una kongwe iliyowahi kuwa hoteli, na wa nne una kongwe ambamo ukoo mmoja uliishi bila kuihama. Ta Methodius hakukubali kuruka hata moja, asije akaonekana ana upendeleo. Abiria wetu wa kanisa moja la Richmond Hill, ambao kusema kweli walikuja kwa ajili ya maduka ya nguo za bei nafuu, walinipigia simu kutoka ndani ya basi. Mama mmoja, Mkenya mwenzangu, aliniuliza: "Melissa, hii ni nyumba ya nne leo na zote ni oldest. Kwani hawa watu hawawezi kukubaliana? Na maduka yanafungwa, aki!" Nikampigia Ta Methodius. Akanijibu, kwa utulivu wake ule unaomtia mtu wazimu, kwamba maduka hata Toronto yapo.

Kongwe tungezivumilia. Kilichotumaliza ni hodi.

Katika kila mlango Ta Methodius husimamisha msafara, huvua kofia, na kubisha hodi mara tatu. Kati ya hodi na hodi husubiri kama mtu anayejua kabisa mwenyeji yuko uani anaanua nguo. Iwe mvua, theluji au mbu, yeye husubiri. Abiria wakimlalamikia kwamba mle ndani hamna mtu, huwaambia nyumba ni ya watu hata wasipokuwepo. Tena, husema, zile nyumba zina watu ambao hawakuwahi kubishiwa hodi na yeyote: wenyeji walionyang'anywa ardhi zilipojengwa, na watumwa Waafrika waliolazwa darini. Hao angalau mtu mmoja awaombe ruhusa. Basi abiria wakaendelea kunyeshewa.

Kisha kuna lile la mwaka wa pili wa safari hiyo, ambalo Mzee Madatali akilikumbuka hushika kichwa. Ta Methodius alibisha hodi mara tatu, kimya. Akavaa kofia, akawageukia abiria, akawaeleza kwamba kwa mila zetu hodi tatu zisipoitikiwa mgeni hurudi zake. Akawarudisha kwenye basi. Basi zima, watu waliosafiri usiku kucha kutoka Toronto, wakageuza! Na kinachouma zaidi, wazee kadhaa walisema ana haki.

Mzee Madatali alimwita, akatoa hukumu ambayo ni sheria ya kampuni mpaka leo: tiketi ya makumbusho ndiyo karibu yenyewe, na aliyekata tiketi amekwisha karibishwa. Ta Methodius aliipokea hukumu kwa adabu. Tangu hapo akawa anabisha hodi zake tatu, anasubiri vile vile, halafu anauinulia mlango tiketi kama anayemwonyesha askari, ndipo anaingia. Muda tuliookoa hautoshi hata kupiga chafya.

Pamoja na yote hayo, haki yake apewe. Hakuwahi kumsahau abiria mpakani, na zipo kampuni kubwa kuliko yetu zisizoweza kusema hivyo. Aliwafundisha kazi viongozi wote tulionao. Wazee waliowahi kusafiri naye hadi leo hunipigia kuulizia safari yake, na nikiwapa kiongozi mwingine hukata simu.

Sasa hili la kustaafu. Mwaka juzi, baada ya keki ya kwanza, alisema paa la nyumba moja linaezekwa upya na lazima alione likimalizika. Likamalizika. Mwaka jana, baada ya keki ya pili, alisema Zaheer, kiongozi anayempokea, bado hajajua kunyamaza. Zaheer akanyamaza msimu mzima. Ta Methodius hakuondoka. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema, nikafuta jina la Zaheer kwenye ratiba kwa mara nyingine.

Mwezi wa tano mwaka huu, mkewe, Ma Sara, alikuja ofisini kutoka Thorncliffe Park, akibadilisha mabasi njia nzima, na bakuli la ndizi na nyama mapajani. Aliketi mbele ya meza yangu bila kuvua koti. "Melissa mwanangu," akasema, "mume wangu anawabishia hodi marehemu wa watu. Nyumba yake mwenyewe inamshinda."

Tukaelewa hapo. Wana nyumba Muleba, huko huko kwao Uhaya. Wameijenga kutoka huku, tofali kwa tofali, mwaka baada ya mwaka, ikapata mabati ya buluu, nondo za madirisha na baraza inayotazama migomba. Hawajalala humo hata usiku mmoja. Wazazi walikwisha fariki, na kaka aliyekuwa akiisimamia alifariki mwaka juzi, kabla tu ya keki ile ya kwanza. Majirani hutuma picha kwenye simu: nyasi kwenye ngazi, popo darini, ufa juu ya mlango. Kila picha ikija, mzee huzima simu na kuomba safari nyingine. Anaogopa, Ma Sara alisema, kusimama mbele ya mlango wake, abishe hodi, na asiwepo wa kuitikia.

Nilikasirika. Mtu mzima, nyumba ni yake na funguo anazo! Niliinua simu nimweleze hivyo, nikaiweka chini, nikala ndizi.

Ma Sara hakuja kuomba ushauri. Alikuja kuaga. Alisema yeye anatangulia, na mzee akitaka mke atamfuata. Akaondoka mwezi wa nane. Wiki iliyofuata Ta Methodius aliingia ofisini kwa Mzee Madatali na kuomba kustaafu, mwenyewe, kabla hata ya keki.

Safari yake ya mwisho nilipanda basi na mimi, ili nihakikishe anarudi. Tulifika kwenye ile nyumba ya kwanza, ya siku ya injini. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na viatu vyangu vilikuwa vimeloa. Akavua kofia. Hodi. Tukangoja. Hodi. Tukangoja. Kwenye hodi ya tatu mabega yalimshuka, na mkono ukaenda mfukoni kutafuta tiketi. Sikuvumilia tena. Nikapaza sauti kutoka nyuma ya foleni: "Karibu, Ta! Karibu ndani! Ingia bwana, watu tunalowa!"

Kila mtu aligeuka kunitazama. Yeye aligeuka wa mwisho. Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango, kisha akafuta macho kwa kofia. Tiketi akaiacha mfukoni, akainama, akaingia.

Anaruka Jumatano ijayo. Ma Sara alipiga simu ofisini jana. Popo wamehamishwa, nyasi zimefyekwa, ufa umezibwa. Kahawa ya kutafuna, ile ya kumpokelea mgeni, iko kwenye kikapu chake, na kiti anachokalia mwenyewe amekisogeza karibu na mlango.

Ta Methodius, uongozi, madereva na viongozi wote wa safari wanakushukuru kwa utumishi wako. Nakushukuru na mimi, ingawa umenizeesha. Saa tunabaki nayo. Keki ya leo ndiyo ya mwisho, na ukitokea Malton Jumatatu, hodi zako zote tatu hatutaziitikia. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na nyumba yenye moshi jikoni. Ukifika Muleba, bisha mara moja tu. Safari hii kuna mtu ndani.

Melissa Mugambi
Mpanga Safari, Malton