Mkono Nilioukata Pichani

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe Mwalimu, acha kukunja nguo, zitakunjwa nikishaondoka. Kaa hapa kitandani. Na wewe Fundi Saa, sogeza kiti chako mpaka magurudumu yaguse godoro, maana sauti yangu leo haifiki mbali na nina jambo linalonisumbua tangu alfajiri, nikigeukia huku silali, nikigeukia kule silali. Nani huyo mlangoni? Hakuna mtu? Basi sikilizeni.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Chumba cha mbele kibaki cha saa, vya nyuma viwe vya Mwalimu, na asitokee shangazi yeyote wa kuwaambia huyu kazaliwa na huyu kalelewa tu. Kamera uzeni. Lakini lile kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, lile mlilokula vibao kwa kutaka kulifungua, hilo halina mgawo. Ni la Fundi Saa peke yake.

Mnajua kwamba wakati wa vita niliajiriwa kuwapiga picha watoto wa kile kituo cha walemavu nyuma ya hospitali, siku walipoletwa kuandikishwa. Wengi hawakuweza kukaa wenyewe, kwa hiyo mama aliketi nyuma ya mwanawe, nikamfunika shuka jeusi, akamshikilia mtoto mgongoni au ubavuni, nami nikishasafisha picha nakata kwa mkasi kila mkono uliojitokeza, kwani mkuu wa kituo alitaka mtoto tu. Nikajiona fundi kweli kweli. Kisha kituo kikapigwa bomu, daftari la majina likaungua, watoto waliosalia tukagawana majirani, na wewe Fundi Saa, wa miaka miwili, ukaja kwangu.

Nikazunguka na zile picha mtaa kwa mtaa kutafuta wazazi. Njaa ilikuwa imebadilisha nyuso, na wengine waliona haya. Mshona viatu mmoja alitazama picha akasema, "Kwetu hatuzai hivyo," akanifungia geti. Nikarudi kwenye negativu, ile filamu yenyewe ya kamera, nikasafisha picha nzima bila kukata, nikaipeleka kulekule, mkewe akachungulia begani kwake, akaona mkono wenye kovu la pasi, akasema taratibu, "Huo mkono ni wangu." Mshona viatu akakaa chini palepale. Tangu hapo niliwatafuta wazazi kwa mikono yao, na watoto wengi walirudi kwao. Watu walinisifu, nikasifika.

Mikono yote niliisafisha upya isipokuwa mmoja.

Fundi Saa, miaka yote nimekuambia hakuna aliyekuja kukuulizia. Alikuja, mwanangu. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza aliweka mkono juu ya kaunta ya studio, kidole cha mwisho kimepinda, kilekile nilichokikata kwenye picha yako, nikamjua kabla sijamtazama usoni. Wewe ulikuwa umelala chumba cha nyuma, na asubuhi hiyo ndiyo ulikuwa umeniita mama kwa mara ya kwanza. Nikamwambia, "Picha hiyo sina." Mara ya pili alilia barazani. Mwalimu, ulikuwa na miaka saba, ukaniuliza yule mama ana nini, nikakujibu jino linamuuma. Mpaka leo mtu akilalamika jino mbele yangu, natafuta kazi ya kwenda kufanya uani. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliujua, na bado nikamwachia mwenzangu aubebe peke yake.

Usinitazame hivyo. Au nitazame tu, una haki. Mwalimu, usimnyamazishe mdogo wako.

Yu hai. Mwezi uliopita nilimtuma muuza maziwa akamwulizie: anashona magodoro nyuma ya stesheni, mlango wa tatu, ila macho yake yanafifia. Kwa hiyo msingoje kunizika kwanza; maiti hana haraka. Koponi mna negativu moja. Isafishwe nzima, mkasi usiiguse, apelekewe. Akishindwa kuiona, Fundi Saa, usibishane naye, mpe mgongo wako aushike. Mwalimu, msukume mpaka mlangoni, kisha rudi nyuma. Wala msinitetee. Akiuliza kwa nini, mwambieni nilimpenda mwanawe, na nilimwibia. Yote mawili ni kweli.

Maji... hapana, acha, hayapiti. Fundi Saa, niinue kidogo. Mkono wako mgongoni, chini ya bega. Hapo. Hapo hapo. Ndivyo alivyokushika, nilikuwa nawaona kwenye kamera, ulikuwa... ulikuwa unacheka. Mungu awape njia nyeupe, wanangu. Awakutanishe angali anaona. Msiachane ninyi wawili, hata mkipata mama mwingine.

Sasa niachie, baba. Niachie. Nenda.