Mzee Mliyemsusia

Shikamooni wazee wangu. Arobaini ya baba imetimia, na mama ameniambia nisimame niwashukuru. Nitashukuru, lakini mnivumilie kwanza, maana nina hasira na sijui kuificha. Jina la mtu sitaji.

Baba yangu alikuwa mwanamaji. Ujana wake ulikwisha jeshini, akarudi hapa Kilwa Masoko na filimbi, mkanda, na tabia ya kupiga pasi hata shati la kwendea sokoni. Sisi watoto saba alituita kula kwa filimbi, nanyi mkicheka. Kila alfajiri ndiye aliyemchemshia mama chai. Hilo hamkulicheka kwa sababu hamkulijua.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa navua kwa baruti. Mlijua, na samaki mlinunua. Siku moja nikaleta nyumbani samaki wa aina ya changu. Baba akampasua mmoja, akakuta uti wa mgongo umekatika na damu imevilia. Akanawa mikono, akala ugali na kisamvu. Wiki hiyohiyo akaenda kutoa taarifa ya wapiga baruti wote, na mimi akanitaja. Tulitonywa mapema, tukajificha.

Hapo ndipo mkamsusia. Dada yangu anaolewa, pilau masufuria matatu, majamvi yametandikwa uwanja mzima, na wageni hawakujaza hata jamvi moja. Mama alilia jikoni. Mkasema, "Mchongezi ale pilau lake peke yake." Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nikasusa pamoja nanyi. Harusi ya dada yangu wa tumbo moja, mimi niko kijiweni nacheza karata. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Haikupita miezi mingi, baruti ikanilipukia. Mkono wa kushoto, huu mnaoutazama kwa kuibia. Wenzangu wakanibwaga ufukweni wakakimbia. Aliyekuja ni baba, na umri ule, akanifunga mkono kwa mkanda wake wa jeshi damu isimame, akanikumbatia juu ya bodaboda mpaka hospitali. Nikangoja anisute. Akanivua shati lenye damu, akaenda kulifua.

Kidonda kikapona, mimi nikawa mtu wa kulala tu. Asubuhi moja akaja na kamba.

"Funga fundo."

"Kwa mkono mmoja, baba?"

"Mmoja na meno. Meno si unayo?"

Nikaitupa nje. Akaenda kuiokota. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Nilimtukana, nakiri mbele yenu, naye akaokota kamba tu. Siku fundo lilipokaza, alikaa kitandani pangu akalia. Akasema, "Nilikutaja kwa sababu nataka wewe unizike, nisikuzike mimi."

Nimemzika. Nanyi siku ile mkagombania kubeba jeneza, eti hatapatikana tena mtu kama yule. Mlikuwa naye miaka yote. Mlipita mbele ya baraza yake bila hata salamu. Nilitaka kuwafukuza makaburini, mama akanishika shati.

Basi, shukrani. Mama, ahsante, hukunifungia mlango. Dada, ulinifulia bandeji mimi niliyesusa harusi yako. Na wewe wa bodaboda, damu yangu ilikuchafua na hukulalamika. Mungu awalipe.

Leo nafunga nyavu zangu mwenyewe. Jumanne iliyopita nikiwa majini nikausikia ule mlio wa baruti. Najua ulikotoka. Waliopiga wamo humu, wamekula hitima ya baba yangu na vidole wamelamba. Ninachowaambia ni kimoja: maiti hana kazi na sifa zenu. Mngempa salamu alipokuwa hai.

Kesho asubuhi nitapiga pasi shati langu, niende kutoa taarifa. Binti yangu anaolewa mwezi ujao, nyote mmealikwa. Pilau litapikwa masufuria matatu. Mkisusa, mimi na mama tutakula.