Maswali Ishirini na Moja

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Julai 1996, foleni ya basi pale kituo cha Olympic ilikuwa haijasogea. Adhis alikuwa akimsimulia jirani yake wa foleni kuhusu maswali ishirini na moja ya mradi wa afya ya akili, aliyoulizwa nyumbani jana.

"Mhoji ameuliza kama nalala. Nikasema nalala sana."

"Na unalala?"

"Tangu Mei? Wapi! Lakini mama mkwe alikuwa ameketi hapo, dada."

"Si ungemwambia atoke?"

"Atoke kwa nyumba yake? Wewe umeolewa kweli?"

Nyuma yao, Lusweti aliitambua sauti. Yeye ndiye aliyemhoji Adhis jana, akinywa chai ya huyo mama mkwe. Fomu ya majibu ya Adhis ilikuwa mkobani ikipelekwa ofisini: alama za huzuni sifuri, hahitaji matibabu.

Basi likasimama. Adhis akapanda. Lusweti akaitoa fomu mkobani, akaliacha basi liende.