Kuipoza Bia ya Harusi

BABA: Haloo? Ni nani mwenzangu?

BINTI: Haloo… shikamoo, Baba.

BABA: Marahaba. Nani mwe— (mkwaruzo) —namba hii siijui.

BINTI: Ni mimi. Kitinda.

BABA: Kitinda! Kitindamimba wangu! Ngoja, ngoja nitoke nje, humu karakana kuna friji la mteja linanguruma utadhani limemeza trekta. Enhe! Umebadilisha namba?

BINTI: Eeh. Kitambo kidogo.

BABA: Aa.

BINTI: Nilitaka kukutumia, sema… unajua tena kazi.

BABA: Najua, najua. Kazi. Hamjambo huko? Mama yako?

BINTI: Hatujambo wote. Baba, samahani, kuna kitu kinachemka jikoni. Ile koili ya shaba, inafungwaje?

BABA: Koili ipi?

BINTI: Ya kupozea bia. Uliyoikunja mwenyewe.

BABA: Bado ipo?

BINTI: Ilikuwa stoo. Mama alitaka kuwapa watu wa vyuma chakavu, nikaificha chini ya kitanda.

BABA: Ukaificha. (anakohoa) Haya. Kwa hiyo unapika bia, wewe?

BINTI: Si ulikuwa unanisimamisha kwenye kiti nikoroge?

BABA: Na mama yako akija anatugombeza wote wawili! Haya niambie, umefika wapi?

BINTI: Kimea nimeshachuja, maji yake yanachemka, naona ni ya kuepua. Sasa koili nimeiunga na bomba, kufungua tu, mpira ukachomoka, maji yakaruka mpaka darini—

BABA: Yameingia kwenye sufuria?

BINTI: Hapana, nilikuwa najaribia pembeni ya sufuria.

BABA: Una bahati. Ulifunga na nini huo mpira?

BINTI: Kamba.

BABA: Kamba! Mtoto wa fundi friji anafunga mpira kwa kamba! Klipu ziko wapi?

BINTI: Klipu zilikuwa kwenye boksi lako la spana.

BABA: Ambalo niliondoka nalo. Haya. Tafuta waya, hata wa kuanikia nguo. Zungushia, kaza kwa koleo mpaka mpira ukonde. Usiepue kwanza. Koili umeiosha?

BINTI: Kwa sabuni.

BABA: Suuza sabuni yote iishe, kisha itumbukize humo humo kwenye moto, ichemke pamoja na bia. Ukiitia baada ya kuepua, vijidudu vyake umevialika mwenyewe, halafu bia ikichacha unasema umerogwa.

BINTI: Sawa… (kelele za vyombo) nimeitia. Na huku kwenye maungio?

BABA: Maungio yaninginie nje ya sufuria. Yakivuja, yavujie sakafuni. Mpira wa pili uelekeze kwenye ndoo, na uchunge, maji yatakayotoka huko ni ya kuunguza. Sakafu hupigwa deki, bia haipigwi deki.

BINTI: (anacheka) Hukuacha maneno yako.

BABA: Ndiyo niliyobaki nayo. Waya umekaza?

BINTI: Nakaza… bado… haya, imeshika. Nazima moto.

BABA: Fungua bomba. Taratibu! Kama unaamsha mgonjwa.

BINTI: Yanapita! Baba, yanapita! Huku yanatoka yana moshi kabisa!

BABA: Ndiyo joto la bia hilo linahama. Sasa shika koili, uwe unaitikisatikisa, usiiache imelala. Bia ikikaa vuguvugu muda mrefu, kila mdudu apitaye atajiona kaalikwa. (mkwaruzo) —umesema sufuria gani?

BINTI: Unasemaje? Mtandao—

BABA: Sufuria! Unatumia ipi?

BINTI: Ile… ile kubwa.

BABA: Ile yenye masikio mawili? Ya shughuli?

BINTI: Eeh.

BABA: Hiyo haitoki stoo bila harusi au msiba.

BINTI: Baba, naona huku maji yameanza kupungua moto—

BABA: Msiba hamna. Ningeambiwa.

BINTI: (koili inagongagonga sufuria)

BABA: Au na msiba nisingeambiwa?

BINTI: Baba, jamani.

BABA: Endelea kutikisa. Ni harusi ya nani?

BINTI: (maji yanasikika yakitiririka ndooni) Yangu.

BABA: Yako.

BINTI: Jumamosi.

BABA: Hii Jumamosi inayokuja? (mkwaruzo) Ni yule kijana wa cherehani?

BINTI: Ni yeye.

BABA: Ana adabu yule. Kuna siku alinivusha barabara, sikuwa… sikuwa vizuri siku hiyo. Hakunicheka. Akaniokotea na kiatu. Hakukwambia?

BINTI: Hakuniambia.

BABA: Basi umepata mume. Nani anakushika mkono kuingia ukumbini?

BINTI: Baba mdogo.

BABA: Vyema. Baba mdogo ana suti.

BINTI: Baba, sikiliza, ni kamati, halafu Mama naye alikuwa—

BABA: Usimsingizie mama yako.

BINTI: Ni mimi. Waliniuliza, nikasema hapana.

BABA: Kwa sababu ya keki.

BINTI: Dada mpaka leo zile picha za harusi yake hajazifungua.

BABA: Angezifunguaje, na mimi nimelala juu ya keki yake na viatu vyangu? Ndoo haijajaa?

BINTI: Ee! Ngoja, imefurika. (mlio wa ndoo) Haya. Nimerudi.

BABA: Kitinda, siku hizi situmii. Hata ya kuonja.

BINTI: Nilisikia.

BABA: Ulisikia?

BINTI: Dada aliniambia. Alikuona.

BABA: Ulisikia, na bado uka…

BINTI: Niliogopa, Baba. Watu wote wale, na wakwe, na bia yote hii. Nikajisemea, akiiona je? Mpaka kadi ya mwisho inatoka nilikuwa najiambia kesho nitampigia. Na leo nisingekupigia kama mpira usingechomoka. Sina uso, Baba. Sina hata uso wa kuangalia hii sufuria.

BABA: Usilie juu ya bia, itakuwa na chumvi.

BINTI: Silii.

BABA: Haya hulii. Hata mimi ningeogopa, mama. Mtu aliyeungua na uji hupuliza hata maji. Shika sufuria kwa nje, ikoje?

BINTI: Joto kidogo tu. Kama maji ya kumwogesha mtoto.

BABA: Bado. Isubiri iwe baridi mkononi, ndipo utie hamira. Ukiitia kwenye joto unaiua, halafu wageni watakunywa maji ya shayiri.

BINTI: Baba, uje. Nakualika.

BABA: Kwa simu ya kuulizia koili?

BINTI: …Eeh.

BABA: (anacheka, kisha anakohoa) Sikia. Nitakuja asubuhi, wageni hawajafika. Nikuone umevaa, nikubariki, nishike njia yangu. Bia ikifunguliwa, mimi niko kwangu nimelala.

BINTI: (kimya)

BABA: Haloo? Uko hewani?

BINTI: Nipo. Sawa, Baba. Hivyo… hivyo itakuwa vizuri.

BABA: Eeh. Nimekusikia ulivyoshusha pumzi.

BINTI: Sikushusha! Ni huu mvuke, Baba, wallahi ni—

BABA: Haya, haya. Hata mimi nimeshusha. Funika sufuria, usifunuefunue. Mkwe wangu msalimie, mwambie— (mkwaruzo)

BINTI: Baba, salio linaisha, ngoja nikutu—

BABA: Acha salio, angalia hamira. Kwaheri mama, kwaheri—

BINTI: Baba, usiondoke asubuhi. Ukae mpaka mwisho, ukae karibu yangu. Baba mdogo nitamwambia mwenyewe. Umenisikia? … Baba? … Haloo?